Shahidi wa Tope

Mwenye bucha aliye karibu na stesheni ya zamani ya Kilosa alikuwa na namna yake ya kujua kwamba Mkemia anakuja. Sijui alimnusa au alikuwa na mtu wa kumpigia mluzi. Ninachojua ni kwamba kila tulipofika pale, mizani ilikuwa imefutwa na kusogezwa katikati ya meza, na mwenyewe amesimama nyuma yake wima kama bwana harusi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hujambo? Weka hii kwanza."

Hapo Mkemia hutoa mkobani pakiti ya chumvi ya kilo moja, haijafunguliwa, pembe zake zimekwaruzika kwa kubebwa. Muuza nyama anaipandisha kwenye mizani. Mshale ukisimama penye kilo, Mkemia ananunua nyama. Usiposimama, hasemi neno. Anairudisha chumvi mkobani na kuondoka zake, na watu waliopanga foleni wanaondoka nyuma yake kama msafara wa siafu.

Siku moja yule bwana alishindwa kuvumilia. "Mama, kila siku unanifedhehesha. Mimi si mwizi!"

"Sijasema wewe," alijibu. "Nasema mizani. Wewe nakuamini, ila wewe ndiye unayeiamini hiyo mizani, na hapo ndipo tunapoachana."

Niliishi jirani naye kwa miaka mingi, ua wa michongoma kati yetu, lakini sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, kwa sababu moja tu: sijui. Ukimwuliza kwao ni wapi, alikuwa akikutazama juu ya miwani na kuuliza, "Kwa nini, unataka kuposa?" Mtu mzima anayejiheshimu hurudi hapo hapo kwenye habari za mvua.

Mji mzima ulimwita Mkemia, na jina hilo lilimletea taabu. Watu wa nchi hii wakisikia neno mkemia huwaza mambo mawili: nani kalishwa sumu, na mtoto ni wa nani. Yeye alikuwa anapima tope. Lakini nenda ukamweleze hivyo baba aliyeendesha baiskeli kutoka Magole na mtoto mgongoni, jasho linamtoka, moyoni ana neno la jirani.

"Nimesikia unapima, Mama."

"Napima tope, baba."

"Hata huyu si amefinyangwa kwa tope? Padri kasema."

Mkemia alimtazama mtoto, akamtazama baba, akarudi kwa mtoto. "Masikio hayo hayahitaji mashine," alisema. "Rudi nyumbani ukamwombe mkeo radhi. Na umnunulie kitenge njiani."

Bwana yule aliondoka anapiga kengele ya baiskeli barabara nzima. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, nikaona nimempata. Nikamwambia, mama wee, unayemsimamisha mwenye bucha kila Jumamosi, leo umetoa hukumu kwa masikio tu? Alikunja uso. "Ile haikuwa kipimo. Ile ilikuwa huruma. Usichanganye chupa."

Huyo ndiye aliyekuwa. Mkali wa vipimo kazini, na nyumbani anapika wali kwa kukadiria kwa macho, ukiwa bokoboko Jumatatu na mawe Jumanne. Alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani na kumkatalia mwalimu wa kwaya asianze mpaka kinanda kimelia noti ya kwanza, halafu mwenyewe anapotea kwenye ubeti wa pili. Aliwakataza vijana wa maabara kutafuna hata karanga mlangoni, ilhali yeye, akishika udongo mgeni mbugani na kudhani hatumwoni, alikuwa akipitisha chembe moja kati ya meno ya mbele na kutikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Ukimwuliza, alikuwa anafuta mdomo na kusema ni vumbi.

Kwa msomaji asiyeijua Kilosa, niseme kwamba sisi tope hatulitafuti. Hutufuata nyumbani. Mto Mkondoa ukifura huingia bila hodi, hukaa sebuleni siku kadhaa, na ukiondoka huacha zawadi hadi usawa wa magoti. Kwa hiyo tulipoambiwa kuna kituo kidogo cha vyumba viwili, mwanamke aliyesoma hadi mwisho, na mashine iliyokuja ndani ya sanduku kubwa kama kabati la nguo, vyote kwa ajili ya tope, tulicheka sana. Alicheka nasi, kisha akaeleza. Wakulima hunyunyiza dawa za wadudu, mvua hunyesha, dawa huteremka mtoni. Nyingine zilipigwa marufuku zamani, tangu enzi za pamba, lakini bado zipo. Ukipima maji hupati kitu. "Maji ni mgeni, yanapita. Tope ndiye mwenyeji. Ukitaka habari za nyumba, unamwuliza mgeni?"

Mimi niliingia katika habari hizi kwa mlango wa lugha. Nina shahada ya Kiswahili ya chuo kikuu, kitu ambacho Kilosa kimenisaidia hasa kuandika maombi ya watu ya kuunganishiwa umeme. Mkemia alitaka vipeperushi ambavyo mkulima angevisoma bila kuumwa kichwa, akaniita. Neno la kwanza aliloniomba lilikuwa la kitu fulani kilichofungiwa kabatini: chupa ndogo ya tope kavu, laini kama unga wa muhogo, ambalo kiasi cha sumu iliyomo kimeshapimwa na wengi na kinajulikana. Nilijifungia wiki nzima na makamusi. Nikarudi nimevaa shati la mikono mirefu, nikamtangazia: "Mashapo rejelezi yaliyothibitishwa."

Alilitazama shati langu. "Nani kafa?"

"Ndiyo istilahi sahihi, Mama."

"Istilahi! Sikiliza. Mashine inaniambia tope la mto huu lina sumu kiasi hiki. Nitajuaje kama mashine haisemi uongo? Naipa kwanza tope ambalo jibu lake ninalo tayari. Ikisema lile jibu, naiamini kwa yale nisiyoyajua. Ikikosea, nazima naenda kuimba. Sasa hicho kitu kinachokaa pale na kusema huyu kasema kweli, huyu kasema uongo, Waswahili tunakiitaje?"

"Shahidi," nilisema, na shati likawa linanibana.

"Basi. Wewe una shahada, mimi nina shahidi. Tuone nani atafika mbali."

Tangu siku hiyo niliitwa Bwana Shahada, hata na muuza nyama.

Mashine nayo alikuwa ameibatiza. Aliiita Mkwe. Ukienda mbele ya mkwe umenawa, husemi ovyo, huli mbele yake, na akinuna huulizi kwa nini bali unatafuta kosa lako. Tope lilikaushwa na kusagwa, likaoshwa kwa dawa kali mpaka litapike lilichokimeza, na matapishi hayo ndiyo aliyoandaliwa Mkwe. Ndani yake, alinieleza, mna bomba jembamba kama uzi, limezungushwa mara nyingi, la moto. Sumu zinaingia pamoja na kutoka mbalimbali, kama waumini wakitoka kanisani: wengine haraka wana ugali jikoni, wengine wazito wanasalimiana kila hatua. Kila anayetoka anachora kilima kwenye kioo cha kompyuta. Kilima kirefu, sumu nyingi. Mstari mnyoofu, hakuna kitu. Mimi nilielewa kanisa. Bomba nililichukua kwa imani.

Alikuwa na mchezo mwingine ambao uliniudhi kwa muda mrefu kabla sijauelewa. Alikuwa hakuulizi jambo bila kukutangulizia swali la kipuuzi. "Bwana Shahada, jana mvua ilinyesha?" Anajua ilinyesha, tulikimbia pamoja. Nikijibu ndiyo, ndipo anauliza alilotaka: "Fundi bomba alikuja?" Siku moja, kwa kuchoka tu, nilijibu la mvua hovyo, nikasema haikunyesha. Aligeuka akaenda kumwuliza mlinzi habari za fundi. Nilikuwa nimepandishwa kwenye mizani pamoja na chumvi, nikashindwa.

Lakini swali lililomkaa moyoni kuliko yote aliulizwa yeye, na aliulizwa Mikumi.

Tulikwenda kuchota tope kwenye kijito kimoja kilicho nje kidogo ya mji, chini ya daraja la barabara kuu, na baadaye kueleza matokeo ya mwaka uliotangulia kwenye mkutano wa mtaa. Asubuhi iliharibika mapema. Tulipofungua mlango wa gari, nyani mmoja dume aliingia kwa upande wa pili bila haraka, akachagua, na kutoka na chupa ya shahidi. Alikaa juu ya ukingo wa daraja, akafungua mfuniko vizuri kuliko ninavyofungua mimi, akanusa, akatutazama kwa masikitiko, akaitupa. Mkemia aliikimbilia kama mama wa mtoto aliyeanguka. Ilikuwa imemwagika kidogo tu. Kuanzia hapo shahidi alisafiri ndani ya mkoba wake wa mkononi, karibu na chumvi.

Mkutanoni alisema kijito kina dawa kidogo, si ya kutisha, samaki wanalika. Watu walipiga makofi. Kisha akanyanyuka mzee mmoja, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chake kando ya barabara kuu, mikono myeusi kwa grisi.

"Shikamoo, baba," alimwahi Mkemia.

"Marahaba, binti. Umesema vizuri. Mimi nina swali dogo. Wewe unapima tope letu. Nani anakupima wewe?"

Vijana walicheka. Mwenyekiti wa mtaa alijaribu kumkalisha. Mkemia aliinua mkono, akafungua mkoba na kumpelekea chupa hadi alipokuwa. Alimweleza kama alivyonieleza mimi. Mzee aliizungusha kwenye mwanga.

"Hili tope ni la wapi?"

"Ulaya, baba. Kwenye ziwa moja la baridi."

"Mbona jeupe kama jivu? La kwetu jekundu." Alirudisha chupa. "Huyu shahidi wako anasema kweli, sikatai. Lakini ni kweli ya kwao. Kijito hiki hajawahi kukiona."

Alikaa. Mkutano ukaendelea na habari za vyoo. Ndani ya gari, njia yote ya kurudi, Mkemia hakuuliza mvua wala fundi bomba. Tulipoanza kuiona Kilosa alisema, "Yule mzee ni mshenzi," na nilijua kwa sauti yake kwamba anamaanisha kinyume. Tope letu ni zito, la mfinyanzi, linaikumbatia sumu na kukataa kuiachia. Lile la Ulaya hutapika ukiligusa. Mkwe angeweza kulisoma la Ulaya vyema na bado akababaika kwa letu. Alikuwa analijua hilo siku nyingi. Alikuwa hajaambiwa mbele za watu.

Hivyo ndivyo alivyoanza kutengeneza shahidi wa Kilosa. Fedha zilipatikana kwa awamu moja, na wafadhili walisema wazi kwamba haitakuwapo ya pili. Naye alikuwa anakaribia kustaafu. Mpango ulikuwa hivi: achukue tope chafu la mfereji mmoja huko tambarare na tope safi la kijito cha milimani Vidunda, alikaushe kila moja, alisage, alichekeche, alichanganye mpaka chembe ya juu iwe sawa na ya chini, alijaze kwenye chupa, na kuzituma kwa maabara nyingi za ndani na nje. Kila moja ipime bila kujua wenzake wamepata nini. Wakikubaliana, tope la Kilosa limepata neno lake na litasimama popote. Wakitofautiana kwa sababu chupa hazifanani, basi ametumia miaka yake ya mwisho kutuma vumbi kwa ndege.

Kwa miezi chumba cha pili kilikuwa kama ghala la unga. Mapipa mawili ya plastiki ya bluu yalisimama pale, moja la safi na moja la chafu, nasi tuliyaviringisha sakafuni zamu kwa zamu ili kuchanganya. Ndiyo, hata mimi. Shahada yangu iligundua matumizi yake. Na lile tope safi, jamani, lilinukia. Lilinukia mvua ya kwanza kwenye ardhi kavu.

Sasa kituo kilikuwa na karani, binti wa mjini, mchangamfu, mwenye mimba yake ya kwanza. Msomaji ambaye ni mwanamke ameshaelewa. Mwanamume nimweleze: kuna wajawazito ambao huwezi kuwaambia kitu kuhusu udongo. Unauzwa sokoni vipande vipande, na wanautafuna kama biskuti. Karani wetu alikuwa anapita mlango wa chumba cha pili kila asubuhi, pua mbele.

Mkemia alimkuta mchana mmoja amejificha nyuma ya kabati la mafaili, midomo ina vumbi, mkononi ana kifundo cha nailoni.

"Nini hicho?"

"Hamna, Mama."

"Fungua mdomo."

Ulimi ulikuwa mwekundu kwa udongo.

"Umechota wapi?"

"Kwenye pipa, Mama. Juzi. Kidogo tu. Harufu yake ilikuwa inaniita jina."

"Pipa lipi?"

"Lile la bluu."

"Yote ya bluu, mwanangu! Lipi?"

"La mfuniko mwekundu."

Mkemia alinigeukia. Alama zote mbili tulikuwa tumeziandika kwenye mifuniko, si kwenye mapipa. Na mifuniko tuliiosha siku mbili tatu zilizopita, ikaanikwa pamoja, na hakuna kati yetu aliyeweza kuapa kwamba kila mmoja ulirudi kwenye pipa lake. Karani alisoma nyuso zetu na kuanza kulia. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili.

Kilichobaki kwenye nailoni kilikuwa kiasi cha kijiko. Mkemia alikichukua, akanawa, akavaa koti, akaanza kazi bila kumtazama mtu. Karani alikaa kwenye kiti mlangoni nami nimekaa karibu naye, nikimpa maji ambayo hakuyanywa. Wakati wa kumlisha Mkwe ulipofika, tuliona Mkemia akinyoosha mkono, si kwenye kichupa cha karani, bali kwenye kile cha shahidi wa Ulaya.

"Mama, anza na langu!" binti alipiga kelele. "Nakuomba, Mama, anza na langu!"

"Nikianza na lako," alisema bila kugeuka, "nitaamini chochote ninachotaka kuamini. Ngoja, mwanangu. Ngoja kidogo."

Tukangoja. Shahidi wa Ulaya alichora vilima vyake mahali pake, kimo chake. Ndipo lilipoingia la karani. Mstari ulitembea kwenye kioo, ukatembea, mnyoofu kama barabara ya Mikumi ikipita mbugani. Kila palipostahili kuinuka kilima mimi nilishika ukingo wa kiti, na kila mara ulipita. Ulifika mwisho haujainua hata kichuguu.

"Vidunda," alisema Mkemia, akakaa chini. "Umekula Vidunda. Hakuna mjamzito nchi hii aliyekula udongo uliopimwa kama wewe."

Binti alicheka huku analia, mimi nikacheka, na Mkemia akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha, kwa furaha tu, mbele yetu, yeye aliyekataza karanga mlangoni, alidokoa vumbi lililosalia kwenye nailoni na kuliweka kati ya meno ya mbele.

Kicheko kilikatika. Akatafuna taratibu. Akatazama dari.

"Lina mchanga," alisema.

"Mama?"

"Nilichekecha mwenyewe. Halikuwa na mchanga. Chekecheke limetoboka mahali." Alisimama. "Na kesho tulikuwa tujaze chupa."

Kweli lilikuwa limetoboka, tundu dogo pembeni, na chembe nene zilikuwa zimepita. Chupa moja ingepata laini, nyingine chenga. Maabara zingekosana na lawama ingelirudia tope. Tulirudia kuchekecha yote, safi na chafu. Karani alipelekwa kliniki, akapewa vidonge vya damu na maneno makali, na ufunguo wa chumba cha pili ukahamia kwenye mkoba wenye chumvi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Wazazi walimpa jina zuri la kanisani; sisi wa kituoni tunamwita Vidunda hadi leo.

Chupa zikaondoka. Majibu ya namna hiyo hayaji mbio; kila maabara ina foleni yake na Mkwe wake anayenuna. Mkemia alistaafu kabla hayajafika. Tulimuaga kwa keki na soda, muuza nyama akaleta paja la mbuzi na kulipima kwa chumvi mbele ya watu wote, na yeye akahamia Mikumi kwa binti yake, ambaye ana duka la vyakula. Kituo kilibaki kwa kijana aliyemfundisha mwenyewe.

Nilimtembelea majuzi. Nilimkuta amekaa nje ya duka akichambua maharage, amepungua mwili kidogo, miwani ni ile ile.

"Bwana Shahada! Huko Kilosa mvua imenyesha?"

"Imenyesha, Mama. Tangu jana."

"Vizuri. Umeoa?"

Nilikuwa bado natafuta njia ya kulikwepa la pili simu yake ilipolia. Alitazama jina, akauacha ungo mapajani. Alikuwa kijana wa kituoni. Alibonyeza sauti ya nje nikasikia.

"Shikamoo, Mama. Majibu yamekuja. Yote."

"Marahaba. Kwanza niambie, hapo mvua imenyesha?"

"Mama, majibu!"

"Nimekuuliza mvua."

"Imenyesha, Mama. Tangu jana."

Alinitazama, akatikisa kichwa kuridhika. "Haya. Anza na lile safi."

"Safi. Maabara zote. Hakuna aliyepata kitu."

Alifumba macho, na nilijua anamwona mtoto wa karani. "Sasa chafu."

"Wamekubaliana, Mama. Wamekaribiana sana, hata wale wa ng'ambo. Ila..." Simu ilikohoa. "Ila mmoja. Yuko chini ya wenzake. Peke yake kabisa."

"Nani?"

Simu ilikohoa tena.

"Nani, mwanangu? Usinifiche."

"Sisi, Mama. Ni sisi wenyewe."

Niliogopa kumtazama. Miaka yote ile, mapipa yote yale, na aliyeachwa nje ya mstari ni nyumba yake mwenyewe. Kisha nikasikia sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kama siku ya Vidunda, maharage yakaruka kwenye ungo, binti yake akatoka dukani kuuliza kuna nini.

"Amemtolea ushahidi mama yake mzazi!" alisema alipopata pumzi. "Nimemzaa, nimemchekecha mara mbili, nimempandisha ndege, karudi kasema Mama, unapunja. Huyo sasa ndiye shahidi!" Akainamia simu. "Mkwe anadokoa. Umenisikia? Sumu inapotelea njiani kabla haijafika kwake, au yeye mwenyewe anaidokoa. La Ulaya linajiachia tu, hivyo hatukumkamata. Anza kuosha upya. Kumbe nilimkamata mdokozi mdogo, mkubwa nikamwacha anakula."

Alipokata simu alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili. Nikauliza tunakwenda wapi.

"Kwa mzee. Tulimwambia kitu kisicho sawa."

Fundi baiskeli alikuwa kibandani pake kando ya barabara kuu, amezeeka, sasa anaelekeza tu wengine wanavyokaza spoku. Malori yalikuwa yanapita na kututikisa. Mkemia alisimama mbele yake akiwa na vumbi la maharage kwenye kanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mnakimbia? Kuna msiba?"

"Hapana. Uliniuliza nani ananipima mimi. Nilichelewa kukujibu."

Mzee alimtazama muda mrefu kabla hajamkumbuka. "Binti wa tope jeupe."

"Sasa ni jekundu, baba. La huku huku kwetu. Wamelipima kila mahali, limekubaliwa. Na limenipima na mimi."

"Likasemaje?"

"Nimepelea. Yale niliyowaambia kuhusu kijito chenu yalikuwa pungufu. Bado ni kidogo, lakini si kidogo kile nilichosema. Samaki leteni tupime upya, na vijana watarudi kuchota tope."

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akavuta kigoda kwa mguu mpaka karibu na chake.

"Kaa, binti," alisema. "Siku ile sikukuamini. Haya, anza tena, tangu mwanzo."